Mjane wa Jumamosi

Jumamosi ile Laurentine alikuwa mjane tangu saa tatu asubuhi, na mpaka saa tano chozi lilikuwa halijamtoka hata moja. Aliketi kwenye godoro katikati ya sebule yake, kule Riverside, mtaa wa Buffalo, Amerika, kitenge cheusi kiunoni, kitambaa kichwani, miguu mitupu kama mila inavyotaka. Makochi yalikuwa yamehamishiwa gereji. Ukutani ilining'inia picha ya mumewe Mushagalusa, imezungushiwa utepe mweusi, na chini yake mshumaa. Mushagalusa mwenyewe alikuwa mzima wa afya. Alikuwa ghalani akipanga maboksi, amechukua zamu ya ziada, na wali na maharage yake ya mchana alikuwa amefungiwa na huyo huyo mjane.

“Mama, tujaribu tena,” alisema binti yake Séphora kutoka nyuma ya taa. Alisema kwa upole, na upole wa Séphora ulikuwa dalili mbaya.

Laurentine akajaribu. Alimfikiria marehemu mama yake. Alifikiria kambi. Alifikiria hata bili ya gesi ya Januari. Kazi yake ilikuwa kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kuwatunzia, na kwa miaka tisa alikuwa amewafumba macho wengi mno. Macho yake mwenyewe yalishajifunza kungoja mpaka zamu iishe, na zamu ilikuwa haijaisha. Akakunja uso, akabana midomo. Ndahiro, mpiga picha aliyetoka Columbus, Ohio, akasema kwa heshima zote kwamba Mama anaonekana kama mtu anayetafuta kupiga chafya.

Laurentine aliona haya. Filamu nzima ilikuwa imebaki kwenye chozi lake. Séphora aliiandika miaka mitatu, akiosha vyombo hotelini usiku na kuandika mchana: habari za mtu wa Kivu anayefia Amerika, na ndugu zake wanaogombana wamzike wapi. Ilikuwa filamu ya kwanza ya watu wao kutengenezwa na watu wao, kwa Kiswahili chao cha Bukavu, pasipo tajiri wala mkalimani. Filamu nyingine zilizowahusu watu wao, Laurentine alikuwa ameziona. Ndani yake kulikuwa na hema, blanketi, na mtoto anayeshukuru. Mama mmoja wa ofisi ya sanaa alimwambia Séphora hadithi ni nzuri, ila ingefaa iwe kwa Kiingereza na aongezwe mwalimu mzungu mwenye huruma. Séphora alikunywa kahawa ya watu, akaaga, akarudi nyumbani mikono mitupu.

Basi ilikuwa imebaki sehemu hii moja: mjane analia, waombolezaji wanajaza nyumba. Kamera ilikuwa ya chuo cha Ndahiro na Jumapili ilitakiwa iwe njiani kurudi. Protasi, katibu wa kanisa, Mrundi mpole aliyekulia Kigoma kambini, aliahidi kuleta waombolezaji ishirini. Walifika watatu, na Protasi mwenyewe wa nne. Wengine wote, alieleza huku akijikuna kisogo, waliitwa kazini.

Simu zote zilikuwa ndani ya sufuria kubwa ya ugali, jikoni, kifuniko juu. Hiyo ilikuwa amri ya Séphora, kwa sababu siku ya kwanza ya kazi simu ya Protasi iliimba pambio katikati ya sehemu ya maiti.

*

Saa sita kasoro mlango ulifunguka bila kubishwa, akaingia Mama Rakeli wa mtaa wa East Side. Alisimama, akaitazama ile picha, akashika kichwa kwa mikono miwili na kuanguka chini mzima mzima mpaka mshumaa ukatikisika. Nyuma yake waliingia wanawake watano wa Lower West Side, wote na vitenge, wote wakilia.

Séphora alimkonyeza Ndahiro aendelee kupiga. Laurentine naye, pale godoroni, alishangaa kwa furaha. Kumbe Rakeli ana kipaji hiki, na miaka yote hii anagawa karatasi za nyimbo mlangoni mwa kanisa! Alimwona hata kamasi zikimtoka, na akawaza kwamba sasa ndipo mtoto wake amepata watu.

Kilichomtia wasiwasi ni maji. Mume wa Rakeli aliingia na katoni ya chupa arobaini begani, akaitua, akarudi garini kuchukua nyingine. Halafu zikaja sufuria mbili za maharage na kiroba cha unga. Mtu wa kuigiza halazimiki kuja na unga. Kisha mlangoni akatokea mzee aliyemjua kwa miwani yake, kiongozi wa jumuiya ya Columbus, na nyuma yake watu kumi na wawili waliokuwa wakijinyoosha viuno. Columbus mpaka Buffalo ni saa tano za barabara. Hakuna mtu wa Columbus anayeendesha saa tano kuja kuigiza bure.

Alimshika Rakeli mkono na kumwambia taratibu, asikie vizuri:

“Hakukufa. Eko ku kazi.”

Rakeli alimtazama kwa huruma isiyo na mfano, kisha akawageukia wenzake. “Anasema eko ku kazi,” akawaambia, na nyumba nzima ikaangua kilio upya.

Hapo Laurentine alielewa shimo aliloingia. Kwao mjane hasemi. Mjane anakalishwa, anashikwa, na kila anachosema kinapokelewa kama uchungu. Yeye mwenyewe alishawashika wajane wengi, na wote walisema vile vile: hajafa, amelala tu, yuko njiani. Akainua sauti, akasema hii ni sinema. Rakeli akamfunika kitenge cha pili, akamfuta jasho.

“Yote ni sinema, mama,” akasema. “Dunia hii yote. Nyamaza, usimalize nguvu.”

*

Alimpata Séphora pale alipokuja kumrekebishia kipaza sauti kilichofichwa kifuani. Alimvuta sikio karibu na mdomo na kumweleza kwamba watu hawa hawaigizi. Séphora alicheka, kisha akawatazama watu mmoja mmoja, kisha akaacha kucheka. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria. Simu ya mama yake pekee ilikuwa na miito mia moja na kumi na saba.

Protasi alipoitwa na kuulizwa, alikaa kwenye ngazi. Ijumaa jioni Séphora alimtumia tangazo la msiba, lile litakaloonekana kwenye simu ndani ya filamu, amsahihishie lugha. Lilikuwa na picha ya Mushagalusa, mshumaa, na anwani ya nyumba hii, kwa kuwa Séphora alitaka lifanane na la kweli. Protasi alikuwa na miaka kumi na moja ya ukatibu. Tangazo la msiba likigusa simu yake hulituma kwenye makundi tisa ya jumuiya kabla hajakaa. Alilisahihisha, kidole kikalituma, akaenda kulala na dhamiri safi.

“Lakini jina niliona ni Byamungu Jean,” alijitetea kwa sauti ndogo. “Nilidhani watu watasoma.”

Kweli, Byamungu lilikuwa jina la marehemu wa filamu; Mushagalusa alikubali kutoa sura yake tu. Jina lake alikataa katakata lisiandikwe chini ya mshumaa. Lakini nani anasoma jina akiijua sura? Na kila mtu pale sebuleni alikuwa na jina la nyumbani na jina la makaratasi, lile aliloandikiwa na karani wa wakimbizi siku ya haraka. Waliona Byamungu, wakasema basi kumbe ndivyo alivyoandikwa, wakajaza mafuta. Na mila nyingine ikafunga mlango uliobaki: wengi walipiga simu, na ilipokosa kupokelewa hawakushangaa. Mfiwa hapokei simu. Mfiwa unamwendea.

Kumpigia Mushagalusa haikuwezekana. Pale ghalani simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe, saa nane.

Laurentine alimwambia binti yake azime kamera, sasa hivi, kisha wawaambie watu. Séphora aliitikia kwa Kiingereza kwamba sawa, anazima. Akamwendea Ndahiro, akamnong'oneza kitu. Taa nyekundu ya kamera haikuzimika.

“Séphora,” mama yake alisema alipopita tena. “Batu banalia kweli, na we uko unapima mwangaza?”

“Dakika tano, Mama. Please. Hatutapata hii tena hata tukiishi mara mbili.”

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma. Laurentine alimtazama mtoto aliyekula makaroni miaka mitatu ili filamu hii iwepo, akawatazama watu waliojinyima usingizi, na hakujua amwonee nani huruma. Akakusanya nguvu asimame atangaze mwenyewe. Alikuwa ameshafika magotini wakati mlango ulipofunguka akaingia Bagula.

*

Bagula alikuwa mdogo wake Mushagalusa, tumbo moja, na alikuwa hajakanyaga nyumba hii miaka minne. Wakati binti mkubwa Jolie alipoolewa kule Louisville, Kentucky, Bagula aliyeishi hukohuko ndiye aliyetafuta ukumbi, ndiye aliyekaanga samaki, ndiye aliyewalaza wageni wa Buffalo sakafuni kwake. Siku yenyewe mshereheshaji, mtu wa kuja, alipanga viti kwa orodha yake, na baba mdogo wa bibi harusi akajikuta kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni. Kila sinia ilipopita mlango ulimgonga goti. Mushagalusa, pale mbele, aliona. Alisema moyoni kwamba atainuka amsogeze, halafu hotuba zikaanza. Bagula aliondoka kabla ya keki.

Sasa alikuwa amesimama na koti lake la kiwandani, macho mekundu, saa tisa za barabara zimemkalia mgongoni. Watu walimpisha. Alikuja mpaka godoroni, akapiga magoti, akashindwa kumtazama Laurentine, akaitazama picha.

“Shemeji, ilikuwa kiti tu,” alisema. “Kiti ya plastiki. Miaka ine sikumupigia ndugu yangu simu juu ya kiti. Siku ya anniversaire yake, siku alizaliwa, nilikuwa nafungua namba, naiangalia, nafunga. Nilikuwa nasema, ataanza yeye, ni yeye mukubwa. Bon. Sasa nitagombana na nani?”

Laurentine alifungua mdomo. Neno lilikuwepo ulimini, tayari, na lilikuwa neno la furaha: ndugu yako mzima. Lakini mbele ya watu arobaini, na kamera inawaka, lingemvua nguo mtu huyu. Akamshika kichwa tu. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mjane kamili, na Ndahiro akasogea hatua moja karibu.

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu.

*

Mushagalusa alikosa pa kuegesha gari, akaliacha mitaa mitatu mbali. Alijua kuna sinema kwake, ya watu wanne wa kanisani. Ila alipokuwa akitembea alihesabu magari ya Ohio, akakosa raha, na mbele ya mlango wake akaona gari lenye namba za Kentucky, ubavu umebonyea, analolijua. Bagula asingekuja kwa sinema. Bagula angekuja kwa kifo tu. Na Mushagalusa aliyajua yaliyo nyumbani kwake: mume, yaani yeye mwenyewe, alikuwa mzima, kwa hiyo aliyekufa ni mke.

Aliingia mbio na fulana yake ya kazi ya rangi ya machungwa. Laurentine alikuwa chini ya vitenge vitatu na mikono ya wanawake wanne, mumewe hakumwona. Alianguka palepale mlangoni.

“Laurentine,” alilia. “Nani aliniruhusu niende kazi leo? Laurentine, sikukuambia. Gari yako, ni mimi niko naigeuza kila asubuhi iangalie barabara, na naitoa theluji, juu usiteseke. Ulikuwa unashukuru Séphora. Nilikuwa naona haya kukuambia ni mimi.”

Mtu mmoja wa Columbus alikimbia kwa kupitia dirishani, ingawa mlango ulikuwa wazi. Rakeli alikimbilia jikoni akiliitia jina la Yesu. Waliobaki walikaza macho kwenye picha, kisha kwa mwenye picha, kisha kwenye picha. Hapo, chini ya vitenge, Laurentine alianza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, kwa kwikwi, kwa majira manne ya baridi aliyomshukuru mtu asiyehusika, na kwa wazee wote aliowafumba macho bila kuwalilia. Kila chozi ambalo Séphora alilitafuta tangu saa tatu lilikuja, na hakuna aliyemwambia atazame wapi.

Bagula alinyoosha mkono, akamgusa kaka yake ile fulana ya machungwa, kama anayepima kitambaa dukani. Kisha akaiona kamera.

*

Maelezo yalichukua saa nzima. Protasi aliomba msamaha kwa kila jumuiya peke yake. Rakeli alitangaza kwamba maji yake anarudi nayo. Mzee wa Columbus alisema kucheza na kifo ni kukiita, na wengi wakaitikia. Bagula alisimama dirishani, amewapa watu mgongo, shingo imekakamaa kwa aibu.

Na Séphora akawa na jambo baya zaidi la kusema. Kila mtu ambaye sura yake ilionekana alitakiwa kusaini karatasi ya ruhusa, la sivyo picha haiwezi kutumika. Alipozitoa karatasi, nyumba ilinguruma. Watu hawa walishasaini Bukavu, wakasaini Kampala, wakasaini Nairobi, na kila karatasi iliwapeleka mahali wasipopachagua.

Laurentine alisimama, kitambaa kimelegea kichwani.

“Huyu mutoto alijua, hakuzima,” alisema. “Na mi nilijua, sikusimama. Donc tuko na kosa wawili. Wakikataa, Séphora, unafuta. Yote. Hapa, mbele yao.”

Séphora alimtazama mama yake. Kisha akasema ndiyo, atafuta. Akaichukua kamera kutoka kwa Ndahiro, akaiweka mezani mbele ya Bagula. Alikuwa anaiua filamu yake kwa mikono yake mwenyewe, na kila mtu aliona.

Bagula hakugeuka upesi. Alipogeuka aliuliza kama kinaweza kuonekana, hicho kitu, kabla hakijafutwa. Wakakiwasha. Kwenye kioo kidogo kama kiganja alijiona akipiga magoti, akajisikia akisema habari za kiti. Watu walisogea nyuma yake, kwanza wawili, kisha kumi, wakisukumana mabega. Hakuna aliyewahi kujiona vile, analia kwa lugha yake bila maandishi ya mtu chini. Mzee wa Columbus alivua miwani. Rakeli alilalamika kwamba kitambaa chake kimekaa upande, na akauliza kama ingewezekana aanguke tena.

“Hii utaisamehe?” Mushagalusa alimwuliza mdogo wake polepole.

“Mi sikusamehe,” alisema Bagula, akinyoosha mkono apewe kalamu. “Mi nasaini tu.”

Ila alikuwa na sharti. Filamu ionyeshwe kwanza Louisville, kwenye ukumbi ule ule, na viti apange yeye.

*

Ikawa mwezi wa tano. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye madirisha. Magari yalitoka Buffalo, yakatoka Columbus, na safari hii hakuna aliyekuja na unga. Kila kiti kilikuwa na jina lililoandikwa kwa mkono wa Bagula. Yeye mwenyewe alikaa mbele kabisa, katikati, suti ya kijivu na tai. Laurentine alipewa safu ya pili, pamoja na Séphora aliyekuwa anakula kucha.

Mushagalusa alitafuta jina lake safu kwa safu, akirudi nyuma, akirudi nyuma, mpaka akalikuta kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa jikoni. Laurentine alimwona akilisoma. Aliona pia shingo ya Bagula, ambayo haikugeuka lakini ilikuwa inasikiliza. Mushagalusa alifunga vifungo vya koti, akaketi. Mlango ulifunguka, sinia ya samaki ikapita, akagongwa goti.

Taa zikazimwa. Watu walicheka panapochekesha, wakamjibu marehemu alipokosea, na hakuna hata mmoja aliyemtafuta mwalimu mwenye huruma. Kisha ikaja sebule ya Riverside, akaja Rakeli na kuanguka, ukumbi ukapiga makofi. Akaja Bagula na koti lake la kiwandani, mkubwa kama ukuta, akasema ilikuwa kiti tu.

Laurentine alisikia kitu kikikwaruza sakafu mbele yake. Bagula alikuwa amesimama katikati ya mwanga, kivuli chake kimelifunika godoro lote, watu nyuma wanamwambia ainame. Hakuinama. Aliinua kiti chake cha mbele, akakibeba juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma kabisa, akakitua kando ya mlango wa jikoni.

“Sogea,” alimwambia kaka yake. “Marehemu gani anajaza nafasi yote?”

Mushagalusa akasogea. Mlango ukafunguka, ukawagonga wote wawili.